Marehemu wa Dawati la Mbele

Jumatatu, 3 Juni
Hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja: yule marehemu wa mashairi yangu hajafa. Anakaa dawati la mbele yangu. Tunamwita Mrefu, na ana afya tele. Wala si mpenzi wangu. Tangu mwaka uanze ameniambia neno moja tu, "Sogea." Nimelitunza.

Hata hivyo nimeshamzika kwa lugha zote mbili. Kwa ile ya shuleni hufa taratibu, kwenye ukungu, kunguru wakitazama. Kwa ya nyumbani hufa haraka, maana naanza kulia mapema.

Ijumaa tunasoma mashairi darasani. Mpango: nisome, Mrefu asikie, ageuke. Basi.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu kasoma shairi langu. Eti maneno yamevaa vizuri ila ndani hamna mtu. Nitasoma baada ya Kasuku, bingwa wa mashairi wa darasa letu! Kasuku hulia akitaka, tena jicho moja moja. Kanikuta mlangoni, akaniuliza marehemu wangu anaendeleaje. Darasa zima hoi.

Nimekosa huzuni ya kweli. Mimi, binti wa fundi majeneza! Aibu iliyoje.

Jumatano, 5 Juni
Baba alitoka kununua vanishi. Nikaingia kwenye jeneza lililo nyuma ya karakana, lile lenye satini tayari. Chali, kalamu kifuani, kifuniko nimekivuta nusu. Ah! Unga wa mbao ulielea kwenye mwanga wa dirisha, hautui. Sauti za mtaani zikawa za watu niliowajua zamani. Mrefu akaja na taa, uso umempauka, akaniita kwa jina lisilo langu, nami nikaitika. Chini yetu maji meusi yalikuwa yakipita, laini kabisa. Mshororo ukaja wenyewe.

Kumbe nimesinzia.

Kifuniko kikaondolewa. Baba, mwanamume mmoja mnene, na Mrefu. Mrefu mwenyewe! Yule mnene, mjomba wake, alimwita Mungu na kutoka mbio. Kiatu chake kimoja bado tunacho. Baba akasema, "We mtoto, utaniua mimi ndipo upate wa kumwandikia!"

Bibi yake Mrefu amefariki. Walikuja kuchagua.

Mrefu hakukimbia. Macho mekundu. Akaniuliza humo ndani mgongoni pakoje, maana bibi mgongo ulimtesa miaka yote. Nikatafuta neno zuri. Wapi! Nikamwambia ni pagumu kidogo, hapa mabegani. Akauliza kama panarekebishika. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefumua satini, nimeongeza sponji mabegani, nimelala tena kujaribu (kwa ruhusa). Bado. Nikaongeza na kiunoni. Baba akanung'unika kwamba marehemu halalamiki. Nikamjibu kwamba mjukuu wake atalalamika. Akaenda kuniletea pamba.

Mrefu alikuja kukagua. Akabonyeza kwa kiganja. Akabonyeza tena. Kisha akalia, kilio kibaya kabisa, kamasi na yote. Hakuna ukungu, hakuna kunguru. Nilisimama pale na mkasi wangu. Nikampa kipande cha satini apengee. Satini haifyonzi!

Ijumaa, 7 Juni
Mrefu hakuja shule, wanazika. Kasuku kalia kwa macho yote mawili, kashangiliwa. Zamu yangu nikaliona lile dawati tupu, sauti ikakata. Nikakaa. Mwalimu kasema ule ukimya wangu umelishinda shairi. Namchukia.

Jumapili, 9 Juni
Mrefu kamtuma mdogo wangu: atapita jioni hii. Anataka kukaa na mtu ambaye hatampa pole. Kanichagua mimi! Mimi!

Nimewaza nimpe nini mtu kama huyo, aliyefiwa juzi tu. Jibu ni moja: shairi. Jipya! Humu Mrefu hafi kwenye ukungu. Anamfuata bibi yake, usiku, peku, mvua inanyesha, na mimi nabaki mlangoni na taa. Zuri mno, nimelia mwenyewe. Nitamsomea mara tu akikaa, kabla hata ya chai. Ataliwazika.

Umebaki ubeti wa kaburi. Baba anamkaribisha huko nje, anamwambia apite tu, nipo chumbani.

Nyayo. Hatua zake ndefu! Jamani, angoje kidogo, sijamaliza kumfukia. Karatasi chini ya godoro, asilione nusu, daftari hili chini ya