Kishikwambi cha Wajane Wawili

Jumatatu, 1 Septemba

Eda siku ya hamsini na nne. Mjukuu wangu Salama kaniletea daftari. Kasema bibi Zuwena andika, usije ukapasuka. Haya, naandika. Shule sikukanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto yuko titini, kwa hiyo anayeona makosa afumbe macho.

Shemeji Shabani kaja na hukumu. Kishikwambi cha marehemu kaka yake kikae nusu ya eda kwangu hapa Tangini, Kibaha, nusu ya pili kwa mke mwenzangu Rukaya, Kisarawe. Sawa kwa sawa, kama zamu za mume. Atakuja kukichukua Ijumaa ya wiki ijayo. Nimemwuliza kama na mimi atanikata nusu. Kasema shemeji, kwanza tule, ndipo tugombane. Nimempa ugali wa bada na kisamvu. Kala sahani mbili kisha kasahau kugombana!

Ndani ya kishikwambi kuna kitabu kimoja tu. Hadithi ya mganga wa meno aliyekimbiwa na mkewe. Mume wetu Kibwana alikuwa akitusomea wote wawili. Siku tatu huku, siku tatu kule, ya saba anajua mwenyewe. Hakukimaliza. Alifia Kisarawe, zamu ya Rukaya. Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Maharage nilikuwa nimeshayaloweka.

Nitakimaliza mimi kabla Shabani hajaja. Yule mwanamke alirudi kwa mumewe au hakurudi, nitajua kabla ya Rukaya. Wallahi!

Jumanne, 2 Septemba

Maandishi madogo kama sisimizi. Nikigusa, ukurasa unaruka. Nikiurudisha, unaruka zaidi. Toka chai ya asubuhi mpaka adhuhuri nimesoma nusu ukurasa. Kwa mwendo huu nitamaliza siku nitakapokutana na Kibwana mwenyewe, na yeye atauliza nilichelewa wapi.

Nimeona jambo. Kibwana alikuwa anapaka rangi pale anapoishia. Njano ni kwangu, aliniambia kwa mdomo wake. Kijani sikuambiwa, lakini mimi si mjinga. Jirani yangu Biasha amenisomea namba. Njano ya mwisho, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Kijani ya mwisho, mia moja themanini na saba.

Kurasa sabini na tano! Mke mdogo katangulia kurasa sabini na tano!

Biasha kasema labda mwenzio ana masikio mepesi. Nimemwambia anirudishie chujio langu la nazi, leo hii.

Nimelia. Si kwa ajili ya kifo, kwa ajili ya kurasa.

Uongo. Kwa kifo pia.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata akili. Biasha kasema zipo programu zinazosoma zenyewe kwa sauti, mtu unakaa na kusikiliza kama malkia. Nimemwita Halidi, fundi simu. Mtu mzima yule, ndevu zina mvi, lakini mwanamume ni mwanamume na mimi niko eda. Kakaa barazani, mimi ndani, pazia katikati. Biasha anapitisha kishikwambi chini ya pazia, kinakwenda, kinarudi, kama sinia la karamu.

Programu ya kwanza ina sauti ya kike. Inasoma kana kwamba inatangaza basi la Mlandizi linaondoka. Sitaki. Ya pili ina sauti nzuri, lakini mganga kila akishika koleo ang'oe jino linaingia tangazo la mafuta ya nywele. Nimeuliza mafuta yanahusiana nini na meno. Halidi kasema bibi, hiyo ni ya bure, ya bure ndivyo ilivyo. Ya tatu ina sauti ya kiume, nzito. Inasoma Kiswahili kama mtu anayetembea pekupeku kwenye mbigili, lakini inasoma. Nimesema hiyo hiyo.

Halidi kasema nafasi imejaa. Ili hii iingie, ile ya zamani ya mzee lazima ifutwe. Nimeuliza, kitabu kitabaki? Kasema kitabaki. Nimeuliza, na ile rangi ya kijani? Kasema rangi zote zinakaa kwenye programu, itaondoka nazo.

Kijani inaondoka! Hapo ndipo masikio yangu yalipoziba. Nimesema futa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefungua kitabu. Ukurasa wa kwanza. Cheupe chote. Nimepekua mpaka kidole kimepata joto. Njano hakuna.

Nimemwita Halidi. Nyuma ya pazia kasema kwa upole bibi, nilikwambia rangi zote. Nimemwambia alisema kwa sauti ndogo. Halafu kasema kuna kitu kingine, na kwamba alidhani ninakijua. Pembeni ya zile njano kulikuwa na alama ndogo kama vijikaratasi. Ukigusa, vinafunguka, kuna maneno ya mzee ndani. Jana alifungua kimoja kuona kama kinafanya kazi.

Nimemwuliza kilisema nini.

Kasema: Zuwena kakasirika hapa. Rudia kesho.

Nimeuliza vilikuwa vingapi. Kasema vingi, hakuhesabu. Nimeuliza upande wa kijani. Kasema kule hakuona hata kimoja. Nimeuliza kama vinaweza kurudi. Kasema bibi, pole.

Nimemwambia aondoke barazani kwangu. Kisha nimemtuma Biasha amkimbilie na bakuli la wali, maana mtu huyo ana watoto sita na hana kosa.

Mimi sijala.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepanga uongo mzuri wa kumwambia Rukaya. Kishikwambi kimeingia maji, dari inavuja. Biasha kasema mvua haijanyesha toka Juni. Nimemwambia Kisarawe hawaijui mvua ya Kibaha.

Nimepiga simu. Kapokea, kasema shikamoo dada, umekula? Ndiyo kitu cha kwanza alichouliza. Uongo wote ukanitoka kichwani. Nimemwambia ukweli: nimefuta rangi. Nimefuta kijani yako kwa wivu, na njano yangu kwa ujinga.

Kalia. Nimengoja anitukane, nilikuwa na jibu tayari. Hakutukana. Kasema dada, kile kitabu mimi sikijui. Mstari wa tatu ukifika nimeshalala. Shamba linachosha. Kibwana alikuwa anaendelea kusoma peke yake, kwa sauti, mimi nakoroma pembeni. Kijani ni pale mzee naye aliposhikwa na usingizi.

Kwangu alikuwa hasongi mbele. Namkatisha. Nasema mke wa mganga hana kosa, mtu anayenuka karafuu mchana kutwa nani akae naye? Yeye anasema rudi nyuma usikie vizuri. Tunarudi. Ukurasa mmoja siku tatu.

Rukaya kasema zamu ile ya mwisho kitabu hakikuwepo, Kibwana alikisahau kwangu kwenye chaji. Jioni akakaa mlangoni anacheka peke yake. Akamwambia kesho naenda Kibaha kumaliza ugomvi, safari hii nina ushahidi.

Ushahidi gani? Hakumwambia. Ulikuwa ukurasa gani? Hajui.

Nimemwambia ale. Sauti yake imekonda. Kesho bodaboda atampelekea unga wa muhogo na nazi kumi, na asipokula nitavunja eda niende kumlisha kwa mkono.

Jumatano, 10 Septemba

Tuna mpango. Kila baada ya alasiri napiga simu, naiweka karibu na kishikwambi, ile sauti ya mbigili inatusomea wote wawili. Tumeanza mwanzo. Tumeapa, hakuna kutangulia. Mimi nimeapia mswala wa Kibwana. Halidi, kupitia pazia, amenifundisha kupaka rangi. Tumechagua bluu, moja tu, ya watu wawili.

Tumefika ukurasa wa sitini. Rukaya halali! Leo kasema mganga wa meno anamtia huruma. Nimemwambia Kibwana yuleyule ametuharibu akili kwa njia mbili tofauti. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Nami nikacheka. Kisha tukakumbuka tuko eda, tukageuka kila mtu na ukuta wake.

Nimempa marahaba nyingi za kesho. Mtoto mwema huyu. Miaka ishirini na mbili namwita yule wa Kisarawe.

Alhamisi, 11 Septemba

Shabani anakuja kesho. Rukaya kasema nisihofu, kishikwambi kikifika kwake ataniwekea simu, tutaendelea palepale kwenye bluu. Tumeishia sitini.

Hiyo ilikuwa jana. Leo asubuhi nimekaa nacho peke yangu. Nilitaka kukifuta vumbi tu. Kikafunguka. Sauti ikaanza, nami si mtu wa kumkata mtu kauli. Nimesikiliza mpaka mke wa mganga kafika stesheni na sanduku lake, treni inapiga honi, na mumewe anakuja mbio na koti la kazi. Nikasema kwa sauti, mwacheni mwanamke wa watu apande, hana kosa!

Mashine haikubisha. Haikurudi nyuma. Ikaendelea kusoma tu, treni ikaondoka, kana kwamba hakuna mtu chumbani.

Nimekaa na kiapo changu kilichovunjika. Mswala uko kwenye kamba, sikuuangalia.

Nimemwita Halidi. Nimemwuliza nyuma ya pazia kama ipo programu inayosoma na kubisha. Kafikiri. Kasema ipo mpya, unaizungumzisha kuhusu kitabu nayo inakujibu, ukikataa inakutolea hoja. Ila ni kubwa. Lazima hii tuliyo nayo itoke, na bluu yenu bibi itaondoka nayo.

Nimemwambia bluu nitampakia Rukaya nyingine, hata mbili. Nimesogeza kishikwambi chini ya pazia kwa mguu. Nimesema futa.

Kaniuliza kama nina hakika. Kaniuliza tena. Mtu mzima haulizwi mara mbili.