King'ora cha Landrova ya Kijiji

Jumatatu, 20 Novemba 1978. Runazi.

Tairi la akiba limeibwa. Mchana kweupe! Nilikuwa kigangoni nawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza Amri ya Saba, Usiibe. Na wakati huohuo mtu alikuwa anaivunja ndani ya Landrova ya kijiji, hatua hamsini kutoka niliposimama. Milango ya gari lile haijawahi kufungika tangu tulinunue mkono wa pili.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Privatus, ameniita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema kwa upole kwamba Jumamosi Halmashauri ya Kijiji itakaa na kuamua kama ufunguo wa gari ubaki kwangu au apewe Luhende. Luhende! Mtu wa Shinyanga, kahamia kwetu mwaka wa Operesheni Vijiji. Aliwahi kuendesha trekta la pamba huko kwao, na hapiti siku bila kutukumbusha.

Daftari langu, wewe nakwambia ukweli. Si fahari ya kiti cha mbele. (Fahari ipo kidogo, Mungu anisamehe.) Ni Deodata. Binti yangu wa pekee ameolewa Kasulo, ana mimba ya kwanza, na siku zake zinaishia mwisho wa mwezi huu. Gari huenda Kasulo mwisho wa kila mwezi kuchukua mbegu za maharage. Mwenye ufunguo anafika. Asiye na ufunguo anatembea siku mbili, na goti langu la kulia halitaki kusikia habari hizo.

Jioni nimesali rozari. Kwenye fumbo la tatu, wazo! Gari lipige kelele lenyewe! Mwizi akifungua mlango tu, honi inalia mpaka akome. Sikuweza kumaliza rozari kwa furaha. Mama Maria anaelewa.

Jumanne, 21 Novemba

Siku njema kupita zote! Nimepata waya kutoka kwenye redio ya shule iliyokufa. Nimekata vipande viwili vya bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Katikati ya mabati nimechomeka kipande cha ndala, maana mpira haupitishi umeme. Uzi unatoka kwenye ndala mpaka mlangoni. Mlango ukifunguliwa, uzi unachomoa ndala, mabati yanabusiana, honi inalia. Kuinyamazisha kuna swichi ya siri chini ya kiti cha dereva. Hakuna aijuaye ila mimi na Mungu.

Mke wangu Marsiana ameuliza ndala ni ya nani. Nimemwambia ni ya maendeleo ya kijiji. Ametazama miguu yake, akaniambia maendeleo ya kijiji yana namba saba kama yeye.

Jumatano, 22 Novemba

Nimekijaribu king'ora. Au tuseme kimejijaribu chenyewe. Saa nne asubuhi nilikumbuka nimesahau rozari yangu garini, nikafungua mlango kuichukua.

Jamani, sauti! Sikutegemea sauti ile kutoka gari la umri ule! Nilisimama nacheka peke yangu kama aliyepata shahada. Nilipogeuka ili watu wanipongeze, kijiji hakikuwepo.

Hapakuwa na mtu hata mmoja. Majembe chini, ndoo kisimani zinamwagika. Wote walikuwa handakini nyuma ya ofisi. Wiki tatu zilizopita, vita vilipoanza mpakani, Ndassa, kamanda wetu wa mgambo, alitangaza kwamba honi ndefu maana yake ni ndege ya adui, na kila mtu aingie handakini. Nilikuwepo mkutanoni. Mimi ndiye niliyeufungua kwa sala.

Bibi Bonifasia aliingia na sufuria yake ya maharage kichwani. Hakumwaga hata punje. Nilipochungulia aliniuliza kama vita vitachukua muda, awashe moto hukohuko chini. Nikamwambia, shikamoo Bibi, vita vimekwisha. Akasema marahaba, na mbona mapema hivyo.

Ndassa alikuja mbio kwa hasira. Kavaa katambuga mpya, nene, zinapiga chini kama mchi kinuni. Alisema watu wakizoea honi ya uongo, siku ndege ikija kweli wataendelea kupalilia. Kisha akanifokea kwamba gari la kijiji linataka mtu wa kulitunza, si mtu wa kulichokoza.

Luhende alitoka handakini wa mwisho, akijipangusa udongo polepole. Akanisogelea. "Baba Deodata," akasema, "gari lako siku hizi bibi harusi. Halitaki kuguswa."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili isionekane.

Lakini moyo wangu haukukata tamaa. Nimemwendea Mwenyekiti na hoja. Ndege za adui haziji usiku, rubani ataona nini? Basi honi ya mchana ni ndege, honi ya usiku ni mwizi. Kinachotakiwa ni king'ora kinachojua saa. Kilale mchana, kiamke jua likizama. Mwenyekiti amefikiri sana, akasema haya, ila honi ikilia tena mchana, asinione.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimekipangia saa! Nimekaa tangu asubuhi, sikula, na sasa kifaa kile kina akili kuliko baadhi ya wajumbe.

Kazi inafanywa na saa yangu ya mezani, ile niliyopewa na Padre kwa miaka kumi ya ukatekista. Saa ya kengele ikilia, kile kitufe cha nyuma kinachojazia kengele huzunguka chenyewe. Nimefunga uzi hapo. Kitufe kikizunguka kinavuta uzi, uzi unavuta swichi, king'ora kinaamka. Kengele yenyewe nimeiziba kwa kitambaa, mwizi asipewe taarifa. Asubuhi nazima swichi kwa mkono na kuipeleka saa nyumbani kuijaza.

Halafu nimefanya jambo ambalo sijaona mtu amelifanya. Saa zote za dukani zina kasoro moja. Jua likizama sisi twasema saa kumi na mbili, lakini mkono unaonyesha 6. Kwa nini mtu mzima abishane na saa yake kila siku? Nimeizungusha mikono mpaka isome kama tunavyosema. Sasa jua likizama mkono mfupi uko kwenye 12, na kengele nimeielekeza kwenye 12 hiyohiyo. Safi! Hakuna kukosea tena.

Jioni kimefanya kazi chenyewe, mbele ya macho yangu. Tik! Swichi ikalala upande wa pili. Nimepiga magoti palepale kwenye tope nikamshukuru Mtakatifu Yosefu, fundi mwenzangu.

Ijumaa, 24 Novemba

Kesho ndiyo kesho. Mwenyekiti ametangaza kwamba Katibu wa Chama kutoka wilayani atahudhuria kikao, maana anataka kuliona gari. Linaweza kutumika kubeba vyakula vya askari wetu walio mbele. Nimeisugua Landrova kwa majivu mpaka rangi imeanza kutoka.

Salamu kutoka Kasulo, zimeletwa na mtu wa baiskeli. Deodata miguu imevimba na anauliza baba anakuja lini. Nimejibu Jumatatu. Nimejibu kabla ya kikao, najua. Lakini nimeona ile swichi ikifanya kazi siku mbili mfululizo. Imani ni nini basi?

Jumamosi, 25 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Katibu alifika saa tano. Suti ya mikono mifupi imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hotuba. Shairi la watoto. Hotuba. Jua lilikuwa utosini wakati Mwenyekiti alipomkaribisha kulitazama gari. Luhende alisimama upande mmoja, mimi upande wa pili, kama wachumba wawili wa msichana mmoja. Katibu akauliza kama injini ni nzima, akashika mlango, akaufungua.

HONI!

Naomba daftari lielewe mawazo yangu. Mimi nilijua kwa hakika kwamba si king'ora. King'ora changu kinalala mchana, nimekipanga mwenyewe! Basi nilielewa jambo moja tu, kwamba ndege zimekuja, na mtu fulani ameziona akapiga honi. Goti langu la kulia halijawahi kukimbia vile. Nilifika handakini wa tatu.

Wa kwanza alikuwa Katibu. Wa pili Bibi Bonifasia. Mvua ya juzi ilikuwa bado mle ndani, hadi magotini. Kiatu kimoja cha Katibu kilizama na mpaka naandika hakijaonekana.

Honi haikunyamaza. Watoto wanalia, wanawake wanaomba, Katibu anauliza kwa nini hakuambiwa adui kafika mpaka Biharamulo. Nikaona wajibu wangu. Nilisimama topeni nikawaambia, ndugu zangu, saa yetu huenda imefika, kila mtu atubu dhambi zake kimoyomoyo. Nikaanza Sala ya Kutubu.

Wote walitubu kimoyomoyo isipokuwa Ndassa. Kamanda mzima alinishika shati akalia kwa sauti: "Katekista, tairi! Tairi la gari ni mimi! Nililikata!"

Nikamuuliza, umelikata kwa nini? Aliinua mguu mmoja kutoka topeni. Katambuga mpya, ya mpira wa tairi. Akainua na wa pili. Jozi nyingine tatu, akasema, ziko kwa ndugu zake.

Papo hapo honi ikanyamaza. Kichwa cha Luhende kikatokeza juu ya handaki, mkononi kashika waya wa betri. Akasema tunaweza kupanda. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini yeye hakukimbia. Akajibu kwamba alitazama juu, hakuona kitu, akatazama mlango, akaona kamba.

Sasa nisikilize vizuri, daftari. Mwizi ambaye kijiji kizima hakikumjua amekamatwa! Kwa nini? Kwa king'ora changu! Nilimweleza Katibu jambo hilo nikimsaidia kupanda. Alikuwa anatafuta kiatu, sidhani kama alinisikia vyema.

Halmashauri imekaa dakika tano. Ufunguo amepewa Luhende. Ndassa atanunua tairi na kulima shamba la kijiji msimu mzima, pekupeku. Mimi nimeshukuriwa kwa sala.

Sijasema neno nyumbani. Deodata ananingoja Jumatatu.

Jumapili, 26 Novemba

Kumbe!

Baada ya misa nilikuwa nimekaa naitazama saa yangu, saa iliyonisaliti mbele ya Chama na Serikali. Marsiana akapita na kuniambia, kwa wema wake wote, kwamba saa ile ilikuwa imepotea sana, masaa sita mazima, na jana asubuhi nilipoiacha mezani yeye alisikia redio ikitaja saa akanirekebishia. Aliona niko na shughuli nyingi, na mimi nikairudisha garini bila kuitazama.

Kwa hiyo saa sita mchana mkono ulikuwa kwenye 12. Kwa hiyo kengele ililia ndani ya kitambaa chake. Kwa hiyo king'ora kiliamka mchana, dakika chache kabla ya Katibu kushika mlango.

Sikuweza kumkasirikia. Ni mwanamke mwema, na ana ndala moja. Lakini ona ilivyo! Mtambo haukuwa na kosa hata kidogo! Ulifanya sawasawa na ulivyoambiwa! Nimejisikia mwepesi tangu asubuhi.

Jioni Luhende alikuja. Hakuingia, alisimama barazani na kofia mkononi, akasema amesikia habari za Deodata. Yeye anaondoka kesho kwenda kwenye mbegu. Mimi na Mama Deodata tupande. Nilifungua mdomo kumshukuru. Akaona, akageuza maneno haraka: "Lakini Mama atakaa mbele na mimi. Wewe Baba Deodata utakaa nyuma kwenye magunia, mikono yako niione kwenye kioo."

Mungu ambariki Msukuma yule. Nimemuombea rozari nzima. Safari hii nimemaliza.

Jumanne, 28 Novemba. Kasulo.

Mimi ni babu! Mimi ni babu! Mimi ni babu!

Tulifika jana alasiri, mgongo wangu una chapa ya kila gunia. Deodata alikuwa ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Aliposikia sauti yangu uani aliita "Baba!" mara moja tu, na Marsiana akaingia, mlango ukafungwa. Luhende alikaa na mimi nje mpaka mwisho. Alichonga kijiti, akakimaliza, akaanza kingine. Kisha tukasikia kilio, kikali, cha kiburi. Mtoto wa kike. Adelfina. Ana kidevu changu, kila mtu amesema, hata Luhende, kwa masikitiko.

Leo asubuhi nilimbeba nikitembea naye polepole mbele ya ofisi ya kijiji chao. Hapo ndipo nikaliona. Trekta! Jipya, jekundu, limeegeshwa wazi bila mlinzi wala kamba! Nilishikwa na huruma. Nimemtafuta Mwenyekiti wa hapa, Ndugu Ansbert, nikamsalimu na kumweleza kwamba mimi ni fundi wa ving'ora wa Runazi, kwamba mtambo wangu umemkamata mwizi ndani ya siku tano, na kwamba Katibu wa wilaya alikuwepo na aliguswa sana. Hakuna uongo hapo. Nimelichunguza kila neno.

Ndugu Ansbert amefurahi mno. Amenionya jambo moja tu, kwamba trekta lao halina honi.

Nikamwambia si neno. Kigango chao kina kengele kubwa, nimeisikia leo alfajiri mpaka kwenye meno. Na kutoka mnarani hadi pale lilipo trekta nimehesabu hatua arobaini. Nahitaji kamba tu.