Ribiti Mia Tatu na Kumi na Tano, na Bolti Moja

Siku ile nilichelewa kufika kijiweni, kiatu kilikuwa kinanibana, lakini hayo ni yangu. Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Mama Kahawa, unavuka barabara tu uko karakana ya reli. Nikamkuta Gazeti, yule kinyozi, ameshasimama na gazeti lake. Huyu bwana hawezi kusoma amekaa.

"Sikilizeni," akasema. "Kile kichwa cha treni cha zamani, kile cha moshi kilichosimama pale uani, Jumamosi kinakatwa vipande. Chuma chakavu."

Sote tukamgeukia Nyundo. Nyundo alipiga ribiti karakana ile tangu ndevu hazijaota mpaka zimeota mvi. Usikivu wa sikio la kushoto aliuacha humohumo.

"Habari inaendelea," Gazeti akasema. "Mahali pake wataweka mfano mdogo, ukumbini mwa karakana, ndani ya kioo. Mwenye mfano uliofanana sawasawa aulete leo. Mwisho saa sita mchana."

"Najua," Nyundo akasema. "Ninao."

Akainama chini ya benchi akatoa boksi la viatu. Ndani, kichwa cha treni urefu wa shibiri moja na nusu, cha makopo ya maziwa. Miaka miwili alikuwa anakitengeneza kimyakimya. Magurudumu yanazunguka, bomba la moshi lipo, hata kengele.

Darubini, fundi saa, akabana lenzi yake jichoni akakichungulia mbele mpaka nyuma.

"Kizuri," akasema. "Ila kiko laini kama kijana aliyetoka kunyolewa na Gazeti."

"Mimi nanyoa vizuri."

"Ndiyo nilichosema. Ribiti ziko wapi, Nyundo?"

Kwa asiyejua, ribiti ni kipande cha chuma kinachotiwa tunduni kikiwa chekundu, kikagongwa mpaka kikaota kichwa cha mviringo kama kifungo. Ndizo zinazoshika mabati. Ubavu wa tangi la maji la treni ile umejaa vifungo hivyo, safu kwa safu.

Nyundo akashusha pumzi. "Ribiti nilikuwa nazo. Zimeliwa."

"Zimeliwa na nani?"

"Sisimizi."

Mama Kahawa akaweka birika chini ili asikie vizuri.

"Nilitumia ufuta," Nyundo akasema. "Punje ya ufuta ukiigeuza inafanana. Nikabandika kwa gundi ya unga, kibano mkononi, wiki tatu. Jana asubuhi naamka, naona ribiti zangu zinateremka ukutani zimepangana mstari."

"Zilihama kwa utaratibu," Gazeti akasema. "Ndiyo treni hiyo. Ilitangulia kituoni."

"Baba Nyundo," Mama Kahawa akasema, "unabandika chakula kwa chakula, halafu unalala?"

Alicheka kila mtu isipokuwa mwenyewe. Nikamwona anaufuta ule ubavu mtupu kwa kidole gumba, anaufuta tena. Ile treni ikikatwa na mfano wake ukikataliwa, mkono wake hautakuwa umeacha kitu popote. Nikamwambia Gazeti akae. Akakaa.

"Chora kwa kalamu," Gazeti akasema, sasa taratibu. "Nukta, nukta, nukta."

"Nukta haina kivuli. Ribiti ina kivuli."

"Vichwa vya pini?"

"Vikubwa. Kwa kipimo hiki kila ribiti ingekuwa kama sufuria."

"Gundi ya matone?"

"Tone moja linakuwa ribiti, la pili linakuwa machozi."

Darubini akatoa kikopo cha skrubu za saa, akazimwaga kiganjani. Zilikuwa sitini, na mbili zikapeperuka alipopumua. Tukaambiwa tusinyanyue miguu.

Aliyetuokoa ni Mama Kahawa. Alikuwa anatupa sahani ya foili ya keki, ile laini, akaibonyeza kwa kucha bila kukusudia. Upande wa pili pakatokea kipele.

Nyundo alikiona. Jamani, masikio yana kasoro lakini macho yule mzee anayo. "Lete hiyo," akasema. "Na ndala yako moja."

"Ndala yangu ya nini?"

"Inataka kitu laini chini yake."

Tukajipanga. Foili ikalazwa juu ya ndala. Gazeti akatoa kitana chake kiwe rula, maana meno ya kitana yameachana sawasawa. Darubini akaleta kalamu iliyoisha wino, ile ncha ya kipira, akawa anabonyeza katikati ya jino na jino: tik, tik, tik. Ukiigeuza foili unaona safu ya ribiti, zimekaa utadhani zimegongwa.

"Usikandamize sana, zitatoboka," Nyundo akasema.

"Nafungua saa za kike tangu hujastaafu."

"Hiyo ya nne imelala."

"Imelala wapi? Kitana cha Gazeti kimekosa jino."

"Jino limekatika kichwani kwako," Gazeti akasema, "ulivyokuja na nywele zile."

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Mimi najua mpaka mia. Zikifika nakunja kidole naanza upya. Vidole vitatu na kumi na tano, Nyundo akasema basi. Akakata foili kwa wembe, akabandika kwa gundi ya dukani, isiyo na ladha.

"Pamebaki nafasi moja," Darubini akasema. "Safu ya chini."

"Hapo nipe bolti. Ndogo kuliko zote, na nati yake."

"Bolti, katikati ya ribiti?"

"Nipe."

Darubini akasitasita. Akatoa moja kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ni ya saa ya marehemu baba. Ilindeni."

Saa tano na nusu Mkaguzi akaja kunywa kahawa yake, kama kila siku. Ni mzee mwenzetu, wamemwita tena kazini kwa ajili ya shughuli hii. Akavaa miwani, akafungua daftari la zamani la karakana, akahesabu ribiti kwa ncha ya kijiko. Hatukunywa.

"Fundi," akasema, "umekosea. Daftari linasema ribiti mia tatu na kumi na sita. Hapa naona bolti."

"Sijakosea leo," Nyundo akasema. "Nilikosea siku ile nilipoligonga tangi lenyewe. Ribiti ya mwisho ilipoa mkononi, tundu likapinda, kengele ya kutoka ikalia. Nikatia bolti, nikapaka rangi."

"Haiwezekani. Treni ile ilikaguliwa."

"Twende tukaangalie."

Tukavuka barabara wote, Nyundo na boksi lake, Mama Kahawa na ndala moja. Nyundo hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akapiga goti, akakwangua kwa kijiko cha Mkaguzi. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, nati ikajitokeza.

"Kwa hiyo miaka yote ile," Gazeti akasema, "mimi nasafiri nyuma ya bolti?"

"Ilivuja?" Nyundo akamuuliza.

"Sijui, nilikuwa nalala."

"Haikuvuja hata tone."

Mkaguzi alikuwa amefungua daftari. Mimi kusoma ni kwa shida, lakini saini ninaijua, na ile iliyokuwa chini ya neno "sawa" ndiyo anayotia Mkaguzi mwenyewe kila mwisho wa mwezi kwenye kikaratasi cha madeni cha Mama Kahawa. Darubini naye aliiona, akatazama pembeni. Mkaguzi, mzee wa watu, alikuwa ametoka jasho.

Akafunga daftari. "Mfano huu siwezi kuupokea hivi," akasema.

Nyundo akainamisha kichwa.

"Siyo sahihi. Kwenye treni yenyewe bolti haionekani. Ipakeni rangi, nzito, kama mwenyewe alivyoipaka. Kabla ya saa sita."

Rangi ilikuwamo kwenye boksi la Nyundo. Nyundo akachovya brashi, akaifunika bolti ile tabaka tatu. Mkaguzi akaubeba mfano kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaingia nao ukumbini.

Tukarudi benchini, kila mtu anatafuta kofia yake aondoke. Darubini alibaki ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kitupu.

"Bolti ya marehemu baba," akasema. "Imewekwa ukumbini, na hakuna atakayeiona."

"Mimi nimeishi nayo miaka thelathini na mmoja haionekani," Nyundo akasema. "Wewe hujamaliza hata kikombe cha kahawa."