Ombi la Kuzimuliwa kwa Somo la Madam Kanjilal

Krishnanagar, Alhamisi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya malalamiko niungame jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: mimi nalielewa somo la biokemia. Halikuniingia kwa hiari. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kichwa chini kama kawaida yangu, lakini sauti ya Madam Kanjilal inafika nyuma. Sasa nikimwona mtu anakula wali, naiona sukari ikipanda katika damu yake na kongosho likihangaika. Hali hii inanitisha.

Babu yangu, Daktari Nibaran Lahiri, aliyekufundisha homeopathia wewe mwenyewe na ambaye bado yumo katika bodi ya chuo, ameniambia, kwa jina langu la nyumbani: "Andika wewe, Khuku, uliye darasani. Nikiandika mimi watasema mzee ana wivu. Barua yako ikifika, mwalimu huyo atahamishiwa maktaba kabla ya sikukuu ya Puja." Basi malalamiko ni haya:

1. Dozi ni kubwa mno. Asubuhi, katika homeopathia, tunafundishwa kwamba dawa ikizimuliwa ndipo inapopata nguvu, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyotibu. Saa nne Madam anaingia na kutumwagia kazi yote ya ini, nzima nzima, bila hata tone la maji. Huko si kufundisha, ni kulisha watoto wa watu sumu.

2. Hatikisi. Sisi kila chupa tunaigonga mara kumi juu ya kitabu chenye jalada la ngozi ili nguvu iamke. Madam hajawahi kugonga kitu isipokuwa meza, na hiyo ni kwa ajili ya Bapi anayesinzia.

3. Bapi huyo ndiye aliyetuonyesha njia sahihi. Aliandika somo la figo kwenye karatasi, akailoweka katika ndoo, akachukua tone moja akalitia katika ndoo ya pili, hivyo hivyo mpaka ndoo za bweni zikaisha. Asubuhi ya mtihani akalamba tone la mwisho, kinywa kitupu kama dawa zetu zinavyotaka, hajagusa kitunguu wala kahawa. Madam akamwuliza mbele yetu, "Haya Bapi, figo zinafanya kazi gani?" Akajibu, "Madam, zangu zimepumzika." Alipata alama nne kwa mia. Kwa sheria yetu nne ina nguvu kuliko tisini, na mwenye sifuri ndiye bingwa. Mimi nilipata tisini na moja. Naomba zifutwe, ama zizimuliwe.

4. Anajibu maswali. Kwetu mgonjwa akiuliza, swali lake huandikwa kama dalili na mambo yanaendelea. Madam husimama, akafikiri, akajibu. Tena juzi alisema, "Hilo silijui, nitakwenda kulisoma." Mwalimu gani huyo?

5. Kwa hiyo naomba afundishe mara moja kwa mwaka, kwa kunong'ona, akiwa ng'ambo ya mto Jalangi. Wanafunzi ambao hawakuhudhuria hata siku moja watunukiwe shahada kwanza, maana wamelipokea somo likiwa safi kabisa. Na kwa kuwa mwalimu asiyekuwapo ana nguvu kuwashinda wote, kumwondoa Madam si kumwadhibu. Ni kumpandisha cheo.

Nisalimie walimu wote, na mzee Haradhan wa maabara pamoja na vyura wake waliobaki.

Ni mimi, mwanafunzi wako mtiifu ambaye huenda hujapata kumwona,
Tuhina Lahiri, mwaka wa kwanza.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi mama alipopiga kelele kutoka chumba cha dawa. Babu, ambaye leo amefunga, alikuwa ametota jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Baba alikimbilia vitabu. "Jasho la baridi au la moto? Anataka dirisha wazi au limefungwa?" Mimi nilikuwa najua kitu ambacho babu anadhani hakijulikani: kila asubuhi humeza kidonge cha kisukari cha hospitali, akiupa ukuta uso. Kidonge ndani, chakula hakuna, sukari imeshuka katika damu. Nikasikia sauti ya Madam kama niko kiti cha nyuma. Nikaziyeyusha punje za dawa, nusu chupa, katika kikombe cha maji, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka akanitambua.

"Umenipa dawa ipi?"

"Hazikuwa na dawa, Babu. Hujazitia tone bado. Ni sukari tupu."

Aliifunga chupa. Kisha akasema, "Basi usimwambie mtu," akaomba wali.

Mheshimiwa, naomba Madam abaki, kwa dozi ile ile. Nasikia ndara za babu zinakuja kuichukua barua. Mkono umekwenda kuufunika ukurasa, kama kawaida yangu. Nimeuondoa mkono.