Namba Moja ni ya Nani

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimenunua ruta. Kimya kimya, maana mke wangu angesema tumuulize kwanza mdogo wake. Huyu shemeji yangu anatengeneza simu pale njia panda, na mimi humwita Bwana Najua, ingawa si mbele yake. Kila kitu anajua! Mimi nimepanga barua posta miaka thelathini na mmoja na sijawahi kumuuliza mtu barua iende wapi.

Ruta ni kwa ajili ya binti yangu. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili wa kazi kwa video, akiwa chumbani kwake. Miaka miwili anatafuta. Modemu ya kampuni imekaa sebuleni chini ya televisheni, na mtandao wake ukifika mlangoni kwa binti umeshachoka hoi. Ruta ingeupokea na kuupeleka mbele. Nimechomeka waya. Taa zote kijani! Nimesimama kuzitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtandao umekufa nyumba nzima. Mke wangu amemtaja mdogo wake mara nne kabla ya chakula. Nimejikausha.

Jumanne, 10 Septemba

Nimezima, nimewasha. Nimezima tena. Nimechomoa waya nikaupuliza. Wapi!

Saa sita nimepindua modemu nifute vumbi. Chini yake pameandikwa anwani: 192.168.1.1. Nikapindua ruta. 192.168.1.1! Hiyo hiyo! Vyombo viwili, kila kimoja kinajiita mkuu kwa anwani ile ile. Fahali wawili zizi moja. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

Haya nayajua. Mwaka wangu wa pili kazini, wajane wawili wa mtaa mmoja walipewa namba moja ya nyumba. Miezi minane kila mmoja alikuwa akisoma barua za mwenzake. Wao waliishia kuwa marafiki, lakini vyombo havina subira hiyo.

Nimefungua kijitabu cha ruta, nimefuata hatua, nimeipa mtaa wake yenyewe: 192.168.2.1. Mtandao umerudi! Binti amenikumbatia. Tangu nistaafu hakuna aliyenihitaji kwa jambo la anwani. Nimekwenda chooni nikafuta macho.

Bwana Najua amepita jioni kunywa chai. Amesema si kazi mbaya. Eti si mbaya!

Jumatano, 11 Septemba

Nimeingia tena ndani ya ruta. Kuangalia tu. Kumbe inagawa yenyewe namba ya mwisho ya anwani kwa kila chombo kinachoingia, na haina adabu hata chembe. Simu ya Bwana Najua, ya chai ya jana, imepewa 100. Televisheni 101. Mke wangu 102. Binti 103. Mimi mwenye nyumba 105, nyuma ya printa ambayo haijachapa kitu tangu mwaka jana!

Posta yetu haikuwa hivyo. Sanduku namba moja halikupewa mtu hivi hivi. Mtu alilisubiri miaka, akaachiwa na marehemu.

Nimechukua daftari. Mimi, 1. Mke wangu, 2. Binti, 3. Televisheni, 10. Printa, 20. Bwana Najua akija tena, 99. Nimeazima simu na kompyuta zao moja moja, nikidai nasafisha vioo, na nimeandika namba kwa mkono wangu. Ruta nayo inajiita moja, najua. Nimelifikiria hilo sana. Nimeamua kwamba ruta ni kifaa na mimi ni mtu. Itanipisha.

Nimelala mchana usingizi mzito.

Alhamisi, 12 Septemba

Mtandao unakufa na kufufuka. Asubuhi haupo. Nimekwenda kwa kinyozi, niliporudi mke wangu akasema saa nzima ulikuwa safi kabisa. Kabla hajamaliza kusema, ukakatika. Mchana nimekwenda kununua sabuni. Hadithi ile ile. Mke wangu ameniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema labda nina nuksi.

Nuksi! Nimemwambia hii ni hujuma, na aulize ni nani aliyekunywa chai hapa juzi. Amesema sikio la kufa halisikii dawa, akampigia mdogo wake. Ana kazi nyingi, atakuja kesho saa sita. Usaili ni saa nne!

Jioni binti amefanya mazoezi na rafiki yake. Nilikuwa nimekaa kwenye korido, nje ya mlango wake, nikiwa na simu mfukoni, niwe karibu akihitaji msaada. Picha imeganda mara sita. Mara ya saba nimemsikia akilia kwa sauti ndogo, ile ya mtu asiyetaka nyumba ijue. Nimeona aibu bila kujua ya nini.

Ijumaa, 13 Septemba

Saa tatu na nusu mke wangu ameniomba nikanunue chumvi. Kopo la chumvi lilikuwa mezani, limejaa. Ameliona. Nami nimeliona. Siamini nuksi hata kidogo. Nimechukua kofia na simu nikatoka.

Nimekaa kwa fundi viatu mwisho wa barabara. Kaniuliza nasubiri nini, nikamwambia nasubiri saa tano na robo. Akanisogezea kigoda. Jua kali. Nimewaza kuhusu barua zote nilizopanga maishani. Maelfu kwa maelfu, na sijui hata moja ilimfikia mtu ikamfanya nini. Nimemwomba Mungu hii moja ifike.

Imefika! Binti anasema wamezungumza dakika hamsini bila kukatika. Chumvi nimeisahau.

Saa sita Bwana Najua amekuja, akakagua kila kitu, mwisho akaomba simu yangu. Akaitazama kwa muda. Hakucheka. Afadhali angecheka. Amesema, shemeji, kwenye mtandao namba moja si kiti cha mkuu, ni lango. Nyumba nzima hupitia hapo. Nilikuwa nimejikalia langoni, watu wanabisha, nami sijui kufungua.

Mke wangu amesema ndiyo maana nikitoka wanapumua. Binti yeye amenimiminia chai.

Bwana Najua ameirudishia ruta kazi yake ya kugawa namba. Ameniapisha nisiguse tena. Nimeapa.

Jumatatu, 23 Septemba

Kapata kazi! Barua ilikuja Alhamisi, ya kompyuta, lakini ni barua. Atafanyia kazi hapa hapa nyumbani, na leo saa tatu asubuhi anaanza kwa mkutano na wakubwa wake wote.

Nimeamka mapema. Nimetafakari mengi wiki hii. Nakubali nilikosea. Nilijipa heshima nisiyostahili. Mstaafu wa kulala mchana, namba moja ya nini? Mtu akikosea hukiri, na nimekiri hapa kwa wino.

Nimechungulia kwenye ruta bila kugusa. Unajua mtoto aliyeiletea nyumba hii heshima kapewa namba ngapi? 137! Printa ina 101.

Alipokwenda kuoga nimekaa kwenye kompyuta yake. Dakika mbili tu. Kiapo kilihusu ruta, kompyuta hakikuitaja. Sasa namba moja iko kwa anayeistahili, na simwambii mtu, ajionee mwenyewe.

Saa tatu na dakika moja. Nasikia anaita, baba! Anaita kwa nguvu, hata kiti kimeanguka. Ameshaiona.