Hisa Haina Mkia

Bulla Pesa, Isiolo
Agosti 1984

Ndugu Mhariri,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na wino wako hamjambo. Nashukuru sana kwa ushauri wa gazeti lako, maana bila huo ningekuwa bado na ng'ombe na mke.

1. Mliandika kwamba hisa za kiwanda kimoja cha viberiti "zimeanguka vibaya", na mwenye macho anunue. Hapa kwetu ng'ombe akianguka kwa kiangazi, mmoja hushika pembe, wengine mkia, anainuliwa, ananyweshwa. Ukimnunua siku hiyo kwa bei ya mbuzi, mvua ikinyesha wewe ni tajiri. Basi nikanunua. Mpaka leo natafuta mkia wa hisa.

2. Zikaendelea kuanguka. Dalali wetu wa mnadani hufungua mdomo wa mnyama ukaona meno. Dalali wa Nairobi alifungua wake tu. Alisema zikishuka zaidi ndiyo baraka zaidi. Nikamwamini, kwani alivaa tai. Nikauza ng'ombe wa maziwa wa mke wangu Gumato, zawadi ya baba yake siku ya harusi. Yaani niliuza aliyesimama ili ninunue aliyelala.

3. Kiwanda kikafa. Hapa ndipo panaponiuma. Mnyama akikaribia kufa sisi humwahi kwa kisu na bismillahi, nyama ikawa halali, ngozi ikabaki. Ninyi hamkusema tuje na kisu. Mmetuuzia kibudu, Mhariri.

Gumato amerudi kwa kaka zake Garbatulla. Nyumba imekuwa kubwa mno, na chai ya rangi imenichosha. Naomba umwandikie, kwa karatasi yenye mhuri, kwamba kilichoanguka ni hisa, si akili ya mumewe. Na siku nyingine mkiandika "kuanguka", mtueleze: ni kama ng'ombe, au kama ndoo iliyokatika kamba kisimani?

Wasalimie wapiga chapa wote. Dalali ukimwona, mwambie tai yake naikumbuka.

Mimi niliyebaki nimesimama,
Tache Adano

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Gumato ametuma neno. Atarudi Ijumaa, mradi nimemtunzia vizuri punda wake wa maji. Nimefurahi mpaka machozi. Pia nimesoma katika gazeti lako la leo kwamba kiwanda cha sabuni kimeanguka vibaya sana, na safari hii kisu ninacho. Tafadhali usichapishe barua hii kwanza, wengine wasije wakaniwahi. Mnunuzi wa punda anakuja Alhamisi.