Sauti Nyuma ya Pazia la Jikoni

Jumapili, 9 Machi

Habari njema! Watengenezaji wa mchezo wetu, Ufalme wa Chumvi, wametangaza kwamba sehemu ya tano huenda ikawa na sauti. Sauti za watu! Sehemu nne zote zilizotangulia wahusika wanafungua midomo kama samaki, maneno yao yanaandikwa chini ya skrini, usome mwenyewe. Sasa wanataka maoni. Kila chama cha wachezaji kijadili, kipige kura, kitume jibu: sauti ziwepo au zisiwepo. Zikiwepo, waigizaji watachaguliwa miongoni mwa wachezaji.

Hiyo sentensi ya mwisho niliisoma nimesimama. Ni mimi huyo. Nani mwingine? Mimi ndiye ninayetangaza ofa kwenye maiki ya duka la vyombo. Watu wameingia kununua kijiko wakatoka na seti nzima ya sufuria, kwa sauti hii hii. Nimeshaamua: nitakuwa Mfalme.

Kikwazo kimoja. Mwenyekiti wa chama chetu ni mama mkwe. Mkunga mstaafu, anaishi nasi, sehemu zote nne kazimaliza. Ya tatu kaimaliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakupenda wahusika walivyoagana. Akisema yeye, chama kinaitikia. Kura ni Jumamosi, sebuleni kwetu. Wakati wa chakula nikamuuliza kijuujuu ana maoni gani. Akasema mchezo hauumwi, wa nini kuupa dawa? Kisha akasema, "Mume wa binti yangu, nipitishie maji."

Ndivyo anavyoniita. Miaka yote ya ndoa. Mbele za watu, tukiwa wawili tu, hata siku niliyombeba mgongoni kumfikisha hospitali. Mke wangu anasema ni mazoea, nisijali. Najali. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: ningependa siku moja aniite mwanangu. Nikiwa Mfalme ataniita tu. Mfalme haitwi mume wa fulani.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kasikia habari. Kaka wa mke wangu, fundi wa friji, tunamwita Besi. Anakula kwetu kila siku na anaondoka na kontena la chakula. Sauti yake nzito kiasi kwamba akipiga hodi, glasi za kabatini zinaitikia kwanza. Naye anataka kuwa Mfalme! Ameshaanza mazoezi, kichwa kikiwa ndani ya friji za wateja, eti humo mna mwangwi mzuri. Nikamwambia ufalme si uzito wa sauti, ni hisia. Akacheka. Glasi zikacheka.

Lakini bila kura ya mama mkwe, sote wawili tutabaki watazamaji. Kizuri chajiuza, kweli, ila lazima kwanza kionekane sokoni. Kwa hiyo nina mpango, na mpango ni mtamu.

Kati ya jikoni na sebule kuna dirisha dogo la kupitishia sahani. Lina pazia. Ukisimama nyuma ya pazia, ukalitoboa tundu la jicho moja, televisheni yote unaiona. Nimeazima maiki ya dukani, ile isiyo na waya, bila kumsumbua meneja. Spika yake nimeificha chini ya meza ya televisheni. Mama mkwe nimemwambia wenyeviti wa vyama wametumiwa toleo la majaribio la sehemu ya nne, lenye sauti. Yeye atacheza, mimi nitasoma maneno yanapotokea, atapenda, Jumamosi atapiga kura ya ndiyo. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari. Akasema sawa, tujaribu.

Mwepesi kuliko nilivyodhani!

Jumanne, 11 Machi

Ushindi, ingawa nimechoka kama punda.

Kosa langu ni moja. Nilidhani atakwenda moja kwa moja ikulu kwa Mfalme. Mama mkwe haendi ikulu. Mama mkwe anatembelea watu. Na mchezo huu una tabia mbaya: kila unayemkaribia anaongea. Muuza samaki. Mlinzi wa lango. Mke wa mlinzi. Mama wa mke wa mlinzi. Bibi anayefua mtoni na wenzake. Wote nimewasemea, kila mmoja na sauti yake, nimesimama kati ya jiko na beseni la vyombo.

Mlinzi wa lango alipaswa kusema "Simama, mgeni." Ulimi ukateleza: "Karibu mteja, leo tu!" Mama mkwe akasema maisha yamekuwa magumu, hata walinzi siku hizi wanafanya biashara pembeni. Hakushuku.

Kisha mke wangu akaanza kukata vitunguu. Nikamfanyia ishara. Akanifanyia ishara kwamba chakula hakijipiki. Kuanzia hapo mji mzima ukalia. Mfua vyuma alimkaribisha mgeni huku akivuta kamasi. Mtoto wa mwokaji alitoa salamu kwa kwikwi. Mama mkwe akauliza kwa huruma, watu hawa wamefiwa na nani?

Halafu akaona kuku. Kwenye mchezo kuku naye anaongea, maandishi yanasema "ko ko ko" basi. Nikamfanya. Nilimfanya vizuri, sijisifu. Mama mkwe akaondoka, akasita, akamrudia. Akaondoka tena, akamrudia. Nimekuwa kuku jioni nzima.

Jumatano, 12 Machi

Leo amewatembelea wale wale tena, eti kuwapa pole ya jana. Kisha akaenda kijiji cha pili. Kisha shamba lenye mbuzi, mbwa na wazee wasiosikia vizuri, ambao kila jambo wanalisema kwa kurudia. Na kila safari alimpitia kuku kwanza.

Alipokuwa kwa mfua vyuma akasimamisha mchezo, akajinyoosha, akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, "Mfua vyuma, ukimaliza hapo niletee chai. Sukari kidogo."

Nikampelekea. Bahati yake nilikuwa jikoni. Akapokea, akanishukuru, akaendelea kucheza. Hakushtuka hata kidogo, na hiyo ni dalili kwamba hajagundua lolote. Nimemwambia mke wangu mpango unakwenda kama maji ya mteremko. Alikuwa amejifunika uso kwa taulo la vyombo. Kazi nyingi, maskini.

Alhamisi, 13 Machi

Sauti imekwenda! Nimeamka nafungua mdomo, inatoka hewa. Dukani meneja anaitafuta maiki kila mahali, anauliza nani kaiona. Sikujibu. Sikuweza. Akaniambia basi nitangaze kwa mdomo mtupu. Nikasimama mlangoni na ndoo mbili, nikaziinua na kuzishusha. Mama mmoja akanipa sadaka.

Jioni nimemwandikia mama mkwe karatasi kwamba toleo la majaribio limeharibika, lipumzike leo. Akaniambia kwa upole asali inasaidia toleo la namna hiyo, na maji ya uvuguvugu. Wakunga wanajua vitu vingi.

Ijumaa, 14 Machi

Bado kimya. Kura ni kesho. Lazima asikie sauti leo, joto lisipoe. Nikameza kiburi, nikamwita Besi. Akataka malipo yake: tukishinda, Mfalme ni yeye. Nikakubali kwa mdomo. Mdomo wenyewe hauna sauti, kwa hiyo haihesabiki.

Ole wangu. Besi anasoma kama mtu anayeshusha gunia ngazini. Na sauti anayo moja tu. Mlinzi ni Besi. Bibi wa mtoni ni Besi. Msichana wa miaka saba anayeuza maua akasema "Shikamoo, mgeni" na kijiko kikatetemeka juu ya sahani. Mama mkwe aliangusha pedi ya kuchezea, akacheka mpaka akashika ubavu. Alipopata pumzi akasema, "Naona usiku wa jana mji mzima umebalehe."

Kisha akamwendea kuku. Besi akasema "ko, ko, ko" kama anasoma namba ya simu. Mama mkwe akaacha kucheka. Akasema siye huyu. Kuku wake yuko wapi? Akazima mchezo.

Wakati wote huo nilikuwa sakafuni chini ya dirisha, nimeshika kikombe cha asali. Nakiri: nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote.

Sauti imerudi alfajiri. Mchana wanachama wakafika: mwalimu wa hesabu, daktari wa meno, dereva wa gari la wagonjwa, na mapacha wa saluni ambao wanashiriki pedi moja na ugomvi mmoja. Mama mkwe akawaambia kabla ya kura wasikilize toleo la majaribio. Nikakimbilia pazia. Nikasali kidogo.

Na leo, kwa mara ya kwanza wiki nzima, akapita lango bila kusalimia mtu. Akapita soko. Hakumtazama hata kuku. Akapanda ngazi za ikulu, akasimama mbele ya Mfalme. Maneno yakatokea: "Umetembea sana. Sasa umefika. Karibu nyumbani."

Niliyasema kwa moyo wangu wote. Bila ofa, bila madoido. Nilimfikiria mtu anayerudi nyumbani baada ya kazi na kukuta taa inawaka. Sebule ikapiga makofi! Mwalimu alisema "Eeh!" Besi mwenyewe, nilimwona kwa tundu langu, alitikisa kichwa kukubali.

Mama mkwe hakupiga makofi. Aliweka pedi mapajani. Kisha akasema, "Mfalme, chai iko wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kuimimina.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Toka."

Nikatoka na kikombe mkononi na maiki mdomoni. Walivyocheka! Mapacha walishikana. Daktari wa meno alicheka mpaka tukaona yake yote. Mimi nilitamani kuingia ndani ya friji ya mteja yeyote yule. Niliwaza, kura imekwenda, Mfalme amekwenda, na sasa nitaitwa mume wa binti yangu mpaka kaburini.

Mama mkwe akapokea chai, akaonja, akasubiri kicheko kiishe.

"Umeisema vizuri," akaniambia. "Nisikudanganye. Ila Mfalme ana sauti yake. Tangu sehemu ya kwanza, nikisoma maneno yake namsikia marehemu mume wangu. Sikumpangia, alikuja mwenyewe. Kila nikifika ikulu ananiambia karibu nyumbani. Ndiyo maana naichelewesha ikulu, nisiimalize upesi. Mkimpa sauti ya mtu mwingine, mimi nitakuwa nimezika mara mbili."

Nikaiondoa maiki mdomoni.

Kisha dereva akakohoa, akasema kwake yeye mlinzi wa lango ni kaka yake aliye mbali. Mwalimu akasema mchawi wa mlimani ni mkuu wake wa shule wa zamani, neno kwa neno, na kila akimpiga rungu anajisikia nafuu. Mapacha wakagundua hapo hapo kwamba muuza samaki mmoja wanamsikia kwa sauti mbili tofauti, wakaanza kugombana. Kumbe kila mtu sebuleni ameshajaza mji wake watu wake! Mikono ikainuka: sauti zisiwepo. Besi akainua. Wangu nao ukainuka, taratibu, sikuutuma.

Mwalimu, ambaye ndiye karani wa chama, alipokuwa anaandika jibu, mama mkwe akamzuia.

"Ongeza hapo," akasema. "Watu waachwe kimya. Lakini yule kuku sikuwahi kumsikia kwa sauti ya mtu yeyote mpaka wiki hii. Kuku mpeni mwanangu."

Niligeuka nyuma kuangalia ni mwana gani ameingia. Mlango ulikuwa umefungwa. Besi alikuwa upande wa pili. Mke wangu akanifinya.

Ni mimi.

Nimelia, na leo hakukuwa na kitunguu. Sina la kuongeza. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nimefikiri sana amejuaje habari ya pazia. Nina hakika Besi ndiye aliyevujisha.

Jumanne, 18 Machi

Watengenezaji wamejibu! Vyama vingi vimesema kama sisi: watu wabaki na maandishi. Lakini pendekezo la mama mkwe limewapendeza. Wanyama watapewa sauti! Kila mchezaji anaweza kutuma sampuli mwisho wa wiki.

Nikajua kuku ni wangu, limekwisha. Mara Besi akafika jioni na kikapu. Ndani yake kuku. Kuku halisi, mwekundu, kanunuliwa leo! Eti atamrekodi ndani ya friji.

Nimemsikiliza kuku huyo kwa makini. Ana sauti, sikatai. Hana hisia.

Nina mpango mpya, na huu hauna tundu. Mama mkwe akisikia kuku wa kweli na mimi kwa zamu, bila kujua nani ni nani, mwenyewe atamchagua bora. Maiki nilikuwa nimeirudisha, nimeiazima tena. Pazia nimelibadilisha, sasa lina maua, hatalitambua. Nimeshafanya mazoezi nyuma yake saa nzima, kimya kimya, ko ko ko, huku yeye anafuma kitambaa sebuleni bila habari.

Alisema mara moja tu, bila kuinua kichwa, "Kuku, sukari kidogo."

Nikampelekea. Bado hajashuku.